Jiko la Askari

Kutoka Muheza kwenda Amani gari hupita Kisiwani, hufuata bonde la mto Zigi, kisha huanza kona ambazo wakati wa masika hata dereva mzoefu huzipanda kwa bismillahi. Ukiipita Amani na kuzidi kwenda mbele, msitu unaachia na chai inashika: umefika Kwamkoro. Waulize wachumaji kwao ni wapi. Wasambaa na Wabondei wapo, ndio wenyeji, lakini wengi watakutajia Iringa, Njombe, Mbeya au Songea. Babu alikuja kwa mkataba, akapewa chumba kambini, akaoa huku au akamwita mke kutoka kwao, akapata kijishamba cha migomba na iliki pembeni ya msitu, na safari ya kurudi ikaahirishwa mwaka hadi mwaka mpaka watoto wakawa hawaijui njia.

Sura hii si yao. Ni ya watu waliotangulia kuja Tanga kwa mkataba wa namna nyingine, mkataba wa bunduki, na ya wajukuu wao waliovushwa bahari kuelekea upande wa pili kwa kazi ileile.

Vitabu vya vita vina ugonjwa mmoja: humsindikiza askari mpaka melini, kisha humkuta tena akiwa tayari mstari wa mbele. Katikati hapo hawamwoni. Usiku wa kwanza baada ya kushuka alilala wapi? Nani alimsongea ugali? Tumbaku alinunua kwa nani, na kwa lugha gani? Utasema hayo ni mambo ya jikoni, na kweli ni ya jikoni. Lakini jinsi ninavyoisoma historia ya mkoa huu, jiko ndilo lililoamua askari mgeni ageuke nani: mwenyeji, mpita njia, au mtu wa siasa.

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa na serikali ya Ujerumani kuzima vita vya Abushiri bin Salim vilivyokuwa vimeiwasha pwani yote. Jeshi hakuwa nalo. Alikwenda Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600, wengi wao askari wa jeshi la Misri waliobaki bila kazi baada ya Mahdi kuitwaa Khartoum mwaka 1885. Wengine aliwapata Inhambane, Msumbiji, wakati huo chini ya Wareno: vijana wa Kishangaani ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, na jina likawaganda. Mei walikuwa wamekwisha pigana Bagamoyo. Julai, Pangani na Tanga zikaangukia mikononi mwao. Desemba Abushiri akanyongwa Pangani.

Wasudani hawakushuka melini peke yao. Walikuja na wake zao na watoto wao, kwa sababu ndivyo jeshi la Misri lilivyowazoesha: askari akihama, nyumba yake inahama naye. Mjerumani aliyelelewa katika kambi za Ulaya, ambako chakula kinapikwa kwenye sufuria moja kubwa na mwanamke haruhusiwi kuvuka lango, aliyaona hayo kama vurugu. Lakini hakuwa na la kufanya. Jeshi lilimlipa askari mshahara wa rupia, halikumpikia. Kupika, kutwanga, kuteka maji, kutafuta kuni na mboga, yote yalikuwa juu ya mke. Ukimwondoa mke, umeondoa idara nzima ya chakula.

Kwa hiyo kila boma la Kijerumani lilizaa kijiji pembeni yake. Ukuta wa mawe ulikuwa wa maofisa, bunduki na karatasi. Nje ya ukuta zilipangwa nyumba za askari, na humo ndimo maisha yalimokuwa. Askari alikuwa na mke, pengine wawili, watoto, na boi wa kumbebea mzigo na bunduki njiani. Mbele ya nyumba palifagiliwa, nyuma palipandwa. Askari akirudi kwenye gwaride anavua kofia yake nyekundu ya tarabushi, anakaa kwenye kigoda, anasubiri chakula kama mwanamume yeyote wa mtaa. Amri za gwaride zilitolewa kwa Kijerumani na vyeo viliitwa kwa Kituruki cha Misri, ombasha na shaushi, lakini jioni mke wa Kisudani akitaka chumvi kwa jirani wa Kimanyema ilibidi Kiswahili kifanye kazi. Hakuna ofisa aliyeliamuru hilo.

Nisije nikalipamba jambo hili. Si kila mwanamke wa kijiji cha askari alikuja kwa hiari. Katika vita vya bara, hasa Uhehe, wanawake walitekwa na kugawiwa askari, na mateka wa leo akawa mke wa kesho bila kuulizwa. Nyumba hizo zilikuwa na mapenzi ndani yake, na zilikuwa na wizi wa watu ndani yake, na mara nyingi nyumba moja ilikuwa na vyote viwili. Ila hata mateka alipika, alizaa, alijenga urafiki gulioni, na ni kwa mkono wake askari aliota mizizi.

Kwa Wasambaa sura ya kijiji hicho ilikuwa nyingine. Kutoka pwani wageni hao walipandishwa bara. Kituo kiliwekwa Mazinde, mahali pa mtawala Semboja, chini ya milima kwenye njia ya misafara. Baadaye serikali ya wilaya ikahamia Wilhelmstal, Lushoto ya leo. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha ufalme wa Wasambaa kule Vuga, na tangu hapo kila mtu akajua askari wa tarabushi anaweza kufanya nini. Upande wa mashariki, msitu wa Derema, Ngwelo, Bulwa na Kwamkoro ulifyekwa kupisha kahawa. Udongo wake ulikuwa mwekundu wa kuvutia macho lakini umechujwa na mvua za miaka na miaka, na kahawa ikaanza kunyauka kabla wenye hisa hawajafurahi. Kahawa ilitaka vibarua, na vibarua hawakutaka kahawa. Askari ndiye aliyesimama katikati. Kodi ya kibanda ilipoanza mwaka 1898, yeye alikuwa nyuma ya mkusanyaji. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilipoanza mtindo wa kadi, kila mwanamume akitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, askari ndiye aliyekuja kuuliza kadi.

Mgeni anayekuuliza kadi asubuhi, na jioni mke wake yuko gulioni anapatana bei ya ndizi na dada yako: hapo ndipo ugumu wa kumchukia ulipo. Watu wengi hawakushindwa, lakini ilikuwa kazi.

Kuna ukoo mmoja unaoonyesha safari hii kuliko hati yoyote ya kijeshi. Miongoni mwa Wazulu walioletwa na Wissmann alikuwemo kijana aitwaye Sykes Mbuwane, kutoka karibu na Inhambane. Aliwekwa Pangani, akaoa huku huku, na mwaka 1894 mtoto wake Kleist akazaliwa. Baba hakuishi kumlea. Alikufa maji katika mto Ruaha akirudi kutoka vita vya Uhehe. Mtoto akachukuliwa na Effendi Plantan, Mzulu mwenzake na marehemu, akakulia nyumbani kwake. Ona jinsi jambo lilivyokwenda: jeshi lilimpoteza askari wake mtoni, na kwa hesabu za jeshi habari yake iliishia hapo. Kijiji cha askari hakikumpoteza mtoto. Kleist Sykes alisoma shule ya Wajerumani, akatumikia upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 akawa katibu wa kwanza wa African Association mjini Dar es Salaam. Kizazi kimoja tu kilitosha kumtoa mtu kwenye kambi ya mamluki na kumweka kwenye meza ya watu wanaosema "sisi Waafrika wa Tanganyika."

Vita hivyo vya kwanza vilipita Usambara navyo. Taasisi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo cha koloni, ilijikuta inatengeneza dawa. Meli za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari, na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck bila kwinini lisingefika popote. Magome ya mkwinini uliopandwa milimani ndiyo yaliyosagwa, mpaka Waingereza walipofika mwaka 1916. Nyumba za askari nazo ziliinuka zikafuata jeshi. Wanawake walitembea na safu ile kutoka kaskazini mpaka ng'ambo ya Ruvuma na kurudi, wakijifungua njiani, wakiwa na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari zaidi ya 1,100, na nyuma yao wake na watoto waliobaki. Sijui jeshi jingine la vita vile lililomaliza likiwa na jiko lake.

Sasa ruka miaka 24, na geuza meli.

Machi 1942, katika Vita Kuu ya Pili, brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki iliteremshwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Wajapani walikuwa wamekwisha chukua Singapore, na Aprili 5, siku ya Pasaka, ndege zao ziliipiga Colombo. Mwaka uliofuata ikaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yake kichwa cha kifaru, nayo ikapelekwa huko kufanya mazoezi ya vita vya msituni. Ndani yake vilikuwemo vikosi vya 26 na 36 vya King's African Rifles (KAR), vikosi vya Tanganyika. Katika vita vile nchi hii ilitoa askari zaidi ya 80,000, na milima ya Usambara haikuachwa nje ya hesabu hiyo.

Bahari yenyewe haikuwa salama. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki ambao hawakupata hata kuiona nchi waliyokuwa wanaendea.

Waliofika walikuta nchi ambayo mtu wa Amani asingeishangaa sana. Milima ya kati ya Ceylon ina ukungu, udongo mwekundu, mvua isiyojua kuaga. Wao pia walianza na kahawa. Ugonjwa wa kutu ya majani uliingia mwaka 1869 ukaimaliza, na badala yake ikapandwa chai, iliyochumwa na Watamil walioletwa kutoka kusini mwa India na kulazwa kwenye nyumba za safu. Usambara wakati huo chai ilikuwa bado changa. Askari aliyetoka Kwamkoro alikuwa anaangalia, bila kuambiwa, jinsi kijiji chake kitakavyokuwa.

Pa kushangaza palikuwa kwingine. Kulikuwa na miruba, wanaopanda kwenye viatu na kupenya soksi, na ukimng'oa kwa pupa kidonda kinatunga. Kulikuwa na vidonge vya mepakrini kila siku, kwa sababu Java, iliyokuwa ikilisha dunia kwinini, ilikuwa mikononi mwa Wajapani. Vidonge hivyo vilimgeuza mtu ngozi na macho kuwa manjano. Nusu ya pili ya mwaka 1944 divisheni iliteremka Bonde la Kabaw nchini Burma katikati ya mvua za monsuni. Barabara iligeuka tope la magotini, chakula kikawa kinadondoshwa kwa miavuli kutoka angani, na homa ikaangusha watu kuliko risasi. Desemba 2 waliitwaa Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Lakini ninalotaka msomaji alione ni kambi ya Ceylon, ule mwaka wa kungoja. Jeshi la Waingereza wakati wa amani nalo lilikuwa na nyumba za wake ndani ya kambi. KAR ilikuwa imerithi desturi za Wasudani kuliko ilivyopenda kukiri. Vita ilipovuka bahari, wake walibaki. Kwa mara ya kwanza maelfu ya wanaume wa Tanganyika waliishi miaka mitatu mfululizo kati ya wanaume tupu, wakipikiwa na wapishi wa kikosi, jioni wakiwa hawana kuni za kupasua, mtoto wa kumtuma wala mkwe wa kumwamkia.

Nafasi ya jiko ikachukuliwa na barua. Mke alikwenda bomani kupokea fungu lililokatwa kwenye mshahara, na huko huko, kama hakujua kusoma, alitafuta karani au mtoto wa shule wa kumwandikia. Barua ilianza kwa salamu za nusu ukurasa, za mjomba, za shangazi, za mbuzi aliyezaa, na katikati, kama mwiba kwenye samaki, likaja neno moja: shamba la bonde amelichukua kaka yako. Ikapitia kwa mkaguzi wa jeshi, ikakaa melini majuma kadhaa, ikamfikia mtu asiyeweza kufanya lolote. Naye kama hakujua kusoma alisomewa na mwenzake, na hapo siri ya nyumba ikawa ya hema zima. Haishangazi kwamba madarasa ya kusoma na kuandika ya idara ya elimu ya jeshi yalijaa. Watu walisema wanatafuta cheo. Wengi walitaka tu kusoma barua zao peke yao.

Mtu akishajua kusoma barua, atasoma na gazeti. Waruhiu Itote, Mkikuyu wa Nyeri aliyeandikishwa mwaka 1942 na kuwekwa kikosi cha 36, kile cha Tanganyika, aliandika baadaye kwamba ni huko Burma ndiko askari mmoja Mwingereza alikomwuliza Mwafrika anapigania nini hasa katika vita hivi, na kwamba hakuwa na jibu. Alilipata baadaye: Wakenya wanamjua kwa jina la Jenerali China wa Mau Mau. Wajukuu wa Sykes Mbuwane, Abdulwahid na Ally, nao walikuwa huko. Mohamed Said, aliyeandika maisha ya Abdulwahid, anasimulia jinsi mkesha wa Krismasi ya 1945, katika kambi ya Kalieni nje ya Bombay, askari wa Tanganyika waliokuwa wanasubiri meli ya kurudi walivyoketi kupanga kuanzisha chama cha siasa wakifika nyumbani. Abdulwahid alikuwa na miaka 21. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na kadi ya kwanza alipewa Julius Nyerere, ya pili Ally Sykes, ya tatu Abdulwahid.

Wapo wanaopenda kusema vita iliwafumbua macho askari wetu kwa sababu walimwona Mzungu akiogopa na akifa. Sikatai. Ila Mzungu alikufa mbele yao katika vita ya kwanza pia, tena kwa wingi, na wengi wa waliorudi walirudi kulima. Tofauti ninayoiona mimi ni hizi jioni za Ceylon na Kalieni. Babu alikuwa na nyumba ya kwenda baada ya gwaride. Mjukuu alikuwa na wenzake, taa ya karabai na muda wa kubishana.

Askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) anayeondoka leo chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa ana hali ya tatu. Tanzania imepeleka vikosi Lebanon, Darfur, Jamhuri ya Afrika ya Kati na, tangu 2013, mashariki mwa Kongo, katika brigedi iliyoundwa pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Zamu yake ni ya mwaka mmoja hivi. Barua hakuna tena. Simu inalia jioni na ugomvi wa shamba unamfikia siku ileile, na fedha anatuma kwa kidole. Kongo si nyepesi. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki, upande wa Beni, ilishambuliwa usiku, na miili 14 ya askari wa Tanzania ikarudishwa kuagwa Dar es Salaam.

Na lugha ya huko ni yao. Wamanyema wa Kongo walikuwa miongoni mwa walioandikwa na Wajerumani baada ya Wasudani wengi kuuawa Lugalo, Uhehe, mwaka 1891, na Kiswahili chao na cha Tanga hakikuachana mbali. Mtanzania akisimama sokoni Beni hahitaji mkalimani, jambo ambalo askari wa India au Uruguay katika misheni hiyohiyo hawezi kulisema. Kwa vipimo vya 1889 huyo angekuwa ameshapata jiko kabla ya mwezi kwisha.

Kanuni za Umoja wa Mataifa zinapinga vikali jambo hilo, na nadhani zina haki, kwa sababu mwanamke wa nchi yenye vita anapokaa na mwenye bunduki na posho, hiari yake haipimiki. Kanuni haikuzuia yote. Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi wa tuhuma dhidi ya askari wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, na ndani yake madai ya watoto waliozaliwa. Umoja wa Mataifa husaidia kupima vinasaba. Matunzo ya mtoto ni juu ya baba na sheria za nchi yake, na baba zamu yake imekwisha zamani. Kilichobaki ni mwanamke wa Beni kutafuta njia ya kumfikishia madai mtu aliyeko Tanga au Songea, katika mahakama ambayo lugha yake anaielewa vizuri kabisa na nauli ya kuifikia hana.